Mwamba wa pweza ukifunguliwa

SWALI: Asalamu alaikum, Mhariri. Mimi ni mke wa mvuvi, na mwenyewe hushuka pwani kuchokoa pweza huku kusini mwa Pemba. Mwamba wetu umefungwa, asivuliwe pweza, kwa miezi mitatu na utafunguliwa bamvu lijalo, maji yatakapopwa sana. Kijiji hakilali: watoto wanahesabu siku, mchokoo wangu, fimbo ya kuchokolea pweza, umeshanolewa mara mbili, na wanunuzi wameanza kupiga simu. Naomba nifahamishwe kwa nini iwe miezi mitatu na si mwaka mzima, na kwa nini bei huporomoka siku ya kwanza, siku ambayo pweza ni wakubwa kuliko siku zote. — Msomaji, Wilaya ya Mkoani.

JIBU: Waalaikumu salamu, dada yetu. Pweza wa miamba yetu huishi kiasi cha mwaka mmoja hadi mmoja na nusu tu, lakini hukua kwa kasi kubwa mno: aliye chini ya kilo moja anaweza kuongeza uzito wake maradufu kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na ndiyo maana aliyekuwa wa kujaa kiganja mlipofunga mwamba mtamkuta ni wa kutungikwa begani. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake, huyalinda mayai shimoni bila ya kula, na yakishaanguliwa naye hufa; dume pia hafiki mbali baada ya kupandana. Anayefunga mwaka mzima, basi, huwalinda pweza waliokwisha kufa. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walipoanza utaratibu huu mwaka 2004 walifunga sehemu tu ya miamba yao, ili watu wasikose kitoweo wakati wa kungojea.

Bamvu huchaguliwa kwa sababu mwezi ukiandama au ukipevuka maji hupwa sana, na kwetu hupwa mnamo saa nne za asubuhi, ukaonekana mwamba ambao wakati wa maji mafu haufikiki kwa miguu. Hiyo ndiyo saa ya wanawake. Mzamiaji mwenye miwani yake haingojei, na pale ambapo kamati ya kijiji inayosimamia mwamba humruhusu kuanza alfajiri, mwanamke hufika akakuta shimo lenye changarawe mpya na magamba ya kaa mlangoni, dalili zote za kuwa mwenyewe yumo, akatia mchokoo usiguse kitu. Kwa maoni yangu hiyo si haki: bendera ya ufunguzi ipandishwe maji yakishapwa, na wote waanze pamoja. (Shimo zuri halikai tupu muda mrefu, pweza mwingine huhamia, lakini hilo halimfai aliyekwenda na tenga tupu siku ya ufunguzi.)

Ama bei, hakuna uchawi. Pweza wa miezi mitatu hutolewa majini kwa saa chache, barafu ni haba, na mnunuzi anajua kwamba ikifika adhuhuri muuzaji asiye na barafu atapokea chochote. Basi hukaa kivulini akangojea. Kijiji kizima kikishusha mzigo wake kwa wakati mmoja na kumwuzia mtu mmoja, kinajipalia makaa kama pweza. Kamati iwaite wanunuzi wawili au zaidi kabla ya siku yenyewe, bei ya kilo ikubaliwe mbele ya watu, na mwamba ufunguliwe kwa sehemu katika siku kadhaa za bamvu hilo hilo. Wanaozidi waanikwe, kwani pweza mkavu hana haraka ya soko.

Kwa ufunguzi wenu huu, muulizeni mwenyekiti wa kamati mambo mawili kabla mwezi haujaandama: bendera itapandishwa saa ngapi, na mizani itawekwa wapi.