Maswali na Majibu: Mechi inakatika katikati, kosa la nani?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zinalia kilio kimoja: gemu ya mtandaoni inamtupa mchezaji nje mechi ikiwa imekolea. Tumezipanga zile zenye tatizo tofauti, maana dalili ikifanana haina maana kwamba ugonjwa ni mmoja.

SWALI: Salaam mafundi. Nina mashine ya gemu ya PS4 chumbani, rauta ya laini ya simu iko sebuleni. Nikicheza mpira mtandaoni, kipindi cha kwanza kinakwenda vizuri, cha pili ghafla naandikiwa muunganisho umepotea na mechi nahesabiwa nimefungwa. Wakati huohuo simu yangu inaingia mtandaoni bila shida. Fundi ananiambia nibadilishe kadi ya Wi-Fi ya mashine. Nibadilishe?
*Msomaji, Ngamiani*

JIBU: Usibadilishe kitu bado, ndugu. Simu kuingia mtandaoni si ushahidi. Ukurasa ukichelewa sekunde tatu hushtuki, na video huwa imeshavuta kipande kirefu cha mbele. Gemu haina akiba ya namna hiyo. Inatuma na kupokea vipande vidogo vya taarifa mara nyingi kwa sekunde, na vikikosekana kwa sekunde kadhaa mfululizo, seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu, inakuhesabu umeondoka.

Taarifa hizo zinapita hatua tatu: kutoka mashine hadi rauta, rauta hadi mnara, mnara hadi seva. Kabla ya kutoa shilingi, jua ni hatua ipi inayokatika. Chukua kompyuta mpakato, iweke palepale ilipo PS, uiunge kwenye Wi-Fi ileile. Fungua madirisha mawili ya Command Prompt, programu ya Windows ya kuandikia amri. Kwenye la kwanza andika `ping -t 192.168.1.1`, hiyo ikiwa anwani ya rauta. Soma kibandiko chini yake, maana nyingine hutumia 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Kwenye la pili andika `ping -t 8.8.8.8`, ambayo ni seva ya Google huko nje. Yaache yakimbie, wewe kacheze.

Mechi ikikatika, kayasome. Yote mawili yakiwa yameandika "Request timed out" kwa pamoja, mkosaji ni Wi-Fi ya ndani au rauta yenyewe. La rauta likiwa linaendelea kujibu kwa milisekunde chache huku la nje limekufa, tatizo ni laini au huko mbele, na hakuna kadi ya Wi-Fi itakayolitibu. Yote yakiwa mazima na mechi imekatika vilevile, bado kuna washukiwa watatu: PS yenyewe, seva ya gemu, au mpinzani aliyechomoa waya baada ya kufungwa bao la tatu. Huyo wa mwisho hana dawa. PS unaipima kwa kuiunga kwa waya. Ikitulia kwa waya na kusumbua kwa Wi-Fi tu, wakati kompyuta pembeni yake iko sawa, hapo ndipo fundi wako ana hoja.

Kwa ulivyoeleza, sisi tunaishuku Wi-Fi. Geuza mashine usome namba ya modeli. Ikianza na CUH-10, CUH-11 au CUH-12, yaani ile nene ya mwanzo, inashika masafa ya 2.4 GHz peke yake. Slim, ambayo ni CUH-2, na Pro, CUH-7, zinashika na 5 GHz. Masafa ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kwa jinsi nyumba za Ngamiani zilivyobanana, rauta za majirani zote zinagombea hizohizo, na spika za Bluetooth na oveni ya maikrowevu zimo humohumo. Ingia kwenye ukurasa wa rauta kwa kuandika ile anwani yake kwenye kivinjari, toa chaneli kwenye Auto, chagua iliyo tupu kuliko nyingine kati ya hizo tatu, na upana uwe 20 MHz. Programu za bure za simu za Android za kupima Wi-Fi zitakuonyesha ipi ina watu wachache. Kukimbilia 5 GHz kunasaidia kama rauta iko chumba cha pili. Kwenye nyumba ya korido, vyumba huku na huku, ikishapenya kuta tatu za tofali inafika hoi.

Dawa yenyewe ni waya. Pima njia utakayopita pembezoni mwa ukuta, ongeza mita mbili, ununue waya wa mtandao wa aina ya Cat5e. Ukomo wake ni mita 100, kwa hiyo nyumba yako haitaumaliza. Ukiufungia vichwa vya RJ45 mwenyewe, shika kichwa ulimi ukiwa chini na vibamba vya dhahabu vikiwa upande wa mbali nawe, upange kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili mpangilio huohuo. Usifumue misokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe nalo. Likibaki nje, siku mtu akiukanyaga waya nyuzi zinachomoka. Kisha kwenye PS ingia Settings, Network, Set Up Internet Connection, uchague LAN. Taa ya tundu la rauta isipowaka, rudia kichwa kabla hujalaumu kingine.

SWALI: Mimi waya ninao, umepita nje ya ukuta kutoka varandani hadi chumba cha uani. Mwaka wa kwanza ulikuwa safi. Sasa unakatika, hasa mvua ikinyesha.
*Msomaji, Raskazone*

JIBU: Raskazone ni bahari, na hewa yenye chumvi haina urafiki na shaba. Chomoa kichwa cha upande wa nje ukiangalie kwenye mwanga: vibamba vinavyopaswa kung'aa dhahabu vikiwa na ukungu wa kijani au weusi, umeshapata jibu. Usivisugue kwa msasa, utaondoa dhahabu iliyobaki. Kata waya sentimita tano nyuma na uangalie nyuzi. Zikiwa nyeusi hata hapo, maji yameshaingia ndani ya ganda. Endelea kukata mpaka upate shaba safi, au ubadilishe waya wote.

Kwangua pia uzi mmoja kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, uliuziwa alumini iliyopakwa shaba, ambayo hukatika ikikunjwa na huoza haraka pwani. Omba waya wa shaba tupu, wa matumizi ya nje, ganda jeusi linalohimili jua. Kabla haujaingia tundu la ukuta, uache ulegee chini ya tundu kama kitanzi, ili maji yadondokee pale badala ya kufuata waya hadi ndani. Na usiufunge pamoja na nyaya za umeme.

SWALI: Wanangu wawili wanacheza gemu. Mchana hamna shida. Kuanzia saa mbili usiku ni makelele, "mama mtandao umekufa". Wananiambia ninunue bando la kasi kubwa zaidi. Litasaidia?
*Mama, Makorora*

JIBU: Huenda lisisaidie, mama. Kucheza kwenyewe kunakula kidogo, kwa kawaida chini ya megabiti moja kwa sekunde. Kinachoua gemu ni taarifa kusubiri foleni, na foleni inaweza kuwa nyumbani kwako au kwenye mnara.

Fanya jaribio moja saa mbili na nusu usiku: tenganisha kila kitu kwenye Wi-Fi, simu zote, televisheni, kompyuta, ibaki mashine ya gemu peke yake. Wacheze nusu saa. Wakitulia, foleni ni ya humo ndani. Wakosaji wa kawaida ni simu zinazopandisha picha na nakala za WhatsApp usiku, kwa sababu njia ya kupandisha ni nyembamba kuliko ya kushusha na ikijaa kila kitu kinasubiri. Mashine ya gemu nayo huwa mwizi wa ndani: inashusha sasisho la gemu nyingine kimyakimya. Zima masasisho ya kujiendesha, yafanywe asubuhi. Kama rauta ina sehemu ya kuwekea kikomo cha kasi, pima kasi ya kupandisha, kisha weka jumla ya vifaa vingine isizidi asilimia 80 ya hiyo.

Wasipotulia, angalia mawimbi. Kwenye ukurasa wa rauta kuna namba mbili. RSRP, yaani nguvu ya mawimbi, ikiwa kati ya -80 na -95 ni nzuri. Ikishuka chini ya -110 rauta inahangaika. SINR, yaani usafi wa mawimbi, ikiwa 13 kwenda juu ni safi, ikikaribia sifuri mnara unasikika kwa kelele. Sogeza rauta dirishani, juu, mbali na friji, na isiwe chini ya bati tupu kwa sababu bati linarudisha mawimbi. Kila unapoihamisha subiri dakika moja ndipo usome. Tofauti ya upande mmoja wa nyumba na mwingine inaweza kukushangaza.

Namba zikiwa nzuri na usiku bado ni balaa, mnara umejaa. Hapo bando kubwa la kampuni hiyohiyo ni pesa ya kutupa. Azima simu yenye laini ya kampuni nyingine, uwashe hotispoti saa hiyohiyo, wacheze nayo jioni mbili tatu ndipo uamue.

SWALI: Nina PS5. Mechi haikatiki, ila siwezi kuingia chumba cha rafiki zangu wala kuwasikia. Kipimo kinasema NAT aina ya 3.
*Msomaji, Sahare*

JIBU: NAT ni namna rauta inavyovipitisha vifaa vya nyumbani kwa anwani moja. Aina ya 3 maana yake mashine za wenzio haziwezi kukufikia moja kwa moja. Wewe unatafuta aina ya 2, ya 1 si lazima. Wenye Xbox wataona "Strict" na wanatafuta "Open". Anza kwa kuwasha UPnP kwenye rauta, ili mashine ijifungulie milango yenyewe, kisha zima rauta na PS zote mbili, washa rauta kwanza. Kama una rauta yako binafsi nyuma ya kifaa cha kampuni, una NAT mbili. Ya kwako iweke kwenye hali ya access point, yaani isambaze Wi-Fi tu.

Isipobadilika, soma anwani ya WAN kwenye rauta, yaani ile ya upande wa mtandaoni. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kawaida kwa laini za simu. Kufungua milango 3478 na 3479 kwenye rauta hakutafanya lolote, maana mlango uliofungwa uko kwao. Wapigie uombe anwani ya IP ya umma. Mara nyingi hulipiwa zaidi.

SWALI: Shikamooni. Umeme ukicheza kidogo tu, taa zikafifia, PS haizimi lakini gemu inanitoa. Kwa nini?
*Mwanafunzi, Usagara*

JIBU: Marahaba, mwanetu. PS ina mfumo wa umeme mkubwa zaidi, kwa hiyo inavumilia mtikisiko mfupi. Adapta ndogo ya rauta mara nyingi haivumilii. Rauta inajizima na kujiwasha, na inachukua dakika moja hadi tatu kurudi. Hakikisha kwa kusoma muda wa kuwaka kwenye ukurasa wa rauta, uptime: ikisema dakika 10 na iliwashwa tangu asubuhi, ndiyo hiyo.

Mwambie mzazi anunue UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba. Volti iwe ileile iliyoandikwa kwenye adapta, 9 au 12, wala si ya kukisia, na ampia ziwe sawa au zaidi. Yenye betri ya 8,800 mAh kwa volti 3.7 ina kama wati-saa 32. Ukitoa zinazopotea, rauta ya wati 8 itakwenda saa tatu hivi. Ya kubebea PS5 na televisheni ni habari nyingine. PS5 peke yake ikicheza gemu nzito inafika wati 200, na UPS ya kawaida ya dukani itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima.

SWALI: Pingi yangu, yaani muda wa taarifa kwenda na kurudi, kwenda seva za Ulaya ni milisekunde 180. Kampuni gani itanipa 20?
*Msomaji, Chumbageni*

JIBU: Hakuna. Mwanga ndani ya kebo unahitaji kama milisekunde 10 kwenda na kurudi kwa kila kilomita 1,000. Tanga hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 ukinyoosha mstari, na kebo hazinyooki. Kwenye gemu inayokuruhusu kuchagua eneo, jaribu Mashariki ya Kati au Afrika Kusini, ubaki na lenye pingi iliyotulia: 180 isiyotikisika inachezeka kuliko 90 inayoruka hadi 400. Pingi ikipanda ghafla kwako na kwa majirani wote, acha rauta yako, sikiliza habari. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na Tanzania nzima ikayumba.

SWALI: Natumia hotispoti ya simu. Nikipigiwa tu, gemu inakatika.
*Msomaji, Duga*

JIBU: Simu yako inashuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G ili ipokee sauti, na intaneti inasimama. Washa VoLTE, inayopitisha sauti kwenye 4G ileile, kwenye mipangilio ya laini, kama simu na kampuni yako zinaikubali. Hali ya usinisumbue haisaidii, inanyamazisha mlio tu. Simu bado inafika. Hamishia simu zote zinazoingia kwenye namba nyingine wakati unacheza. Laini mbili ndani ya simu moja nazo ni mtego, kwani kupokea kwenye ya pili mara nyingi kunasimamisha data ya ya kwanza. Zima pia kuokoa betri na ile kanuni ya hotispoti kujizima, na usiilaze simu juu ya PS: ikipata joto inapunguza kasi yenyewe.