Mgombea aseme anadaiwa na nani kabla hatujampigia kura

Ndugu mleta mada ameuliza kama ni haki kumlazimisha mgombea wa urais au ubunge kuweka wazi mali, kodi na madeni yake kabla ya uchaguzi, na wachangiaji kadhaa wamemjibu kwamba kufanya hivyo ni kumvua mtu nguo hadharani, kwa kuwa mali ya mtu ni siri yake na mwenzi wake. Nimeisoma michango yote kwa utulivu. Naomba nijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo hili nimelishika kwa mikono yangu kwa miaka tisa nikiwa mjumbe wa kamati ya usimamizi katika SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja wilayani Mufindi, na msimamo nilio nao leo sikuanza nao. Nilianza upande wa wale wanaosema tumwachie mtu siri zake.

Chama chetu kilikuwa cha wakulima wa miti na wafanyabiashara wadogo. Tulipofanya uchaguzi wa bodi, tulimchagua mwenyekiti ambaye kila mtu alimjua kuwa na uwezo: alikuwa na mashamba ya misindano kwenye vijiji viwili, nyumba ya matofali ya kuchoma na gari la kubebea mbao. Hakuna aliyemuuliza chochote, kwa sababu mali yake ilikuwa inaonekana barabarani, na sisi tuliamini kwamba mtu aliyeshiba hana sababu ya kunyoosha mkono kwenye sahani ya wenzake. Mwaka uliofuata chama kiliamua kujenga ofisi. Mwenyekiti alisimama imara kutetea mzabuni mmoja wa mbao na vifaa vya ujenzi, ingawa bei yake ilikuwa juu kuliko ya wengine wawili, na bodi ikamfuata kwa heshima tu. Mkaguzi alipokuja ndipo tulipojua kisa chenyewe. Miaka miwili kabla ya uchaguzi, mwenyekiti alikuwa ameiuza miti ya ekari ishirini ikiwa bado imesimama na kupokea fedha taslimu, kisha moto uliotoka kwenye uandaaji wa mashamba ya jirani ukaiteketeza yote kabla mnunuzi hajaikata. Mnunuzi yule ndiye aliyekuwa mzabuni wetu.

Nataka msomaji aelewe vizuri kwamba mtu huyu hakuwa mwizi. Hakuchukua hata shilingi ya chama na kuiweka mfukoni. Alikuwa mdaiwa aliyeshindwa kumtazama mdai wake usoni, na mdai hakuhitaji kumpa rushwa wala kumtisha. Ilitosha kuja ofisini na kuketi. Kama tungemwambia ataje mali zake siku ya uchaguzi, angetaja mashamba, nyumba na gari, nasi tungepiga makofi. Swali ambalo lingetuokoa ni lile ambalo hakuna aliyelifikiria: unadaiwa na nani?

Kwa hiyo ninapoona mjadala huu wote ukizunguka utajiri wa wagombea, nani ana ghorofa na nani ana ng'ombe wangapi, naona tunaangalia upande mmoja wa karatasi. Utajiri wa mtu unaeleza alikotoka. Deni lake linaeleza ni nani atakayekuwa akimpigia simu usiku akishakuwa waziri. Mgombea wa ubunge anayezunguka jimbo zima na magari manne, vipaza sauti, fulana na posho za vijana, ilhali mshahara wake tunaujua, ama ameuza kitu, ama amekopa, ama amebebwa na mtu, na mambo haya matatu hayalingani hata kidogo. Aliyeuza shamba lake amelipa kwa jasho lake. Aliyebebwa atalipa baadaye, na atalipa kwa kitu ambacho si chake.

Sheria zetu hapa Tanzania hazikosi kabisa kulijua jambo hili. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995, inamtaka kiongozi kuwasilisha kwa Kamishna wa Maadili tamko la mali pamoja na madeni, yake mwenyewe, ya mwenzi wake na ya watoto wao walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Anatakiwa kufanya hivyo ndani ya siku 30 baada ya kushika madaraka, kisha kila mwisho wa mwaka, na tena anapoondoka. Tazameni mpangilio huo: tamko la kwanza linakuja baada ya kura yangu kuhesabiwa. Daftari la matamko linaweza kukaguliwa na mwananchi, lakini kwa masharti, na mkulima wa Igowole au Kibengu hawezi kuacha palizi akafunge safari kwenda kulifuatilia. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, iliyokuja miaka minne baada ya Mahakama Kuu kutamka mwaka 2006 kwamba vifungu vya takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, vilikuwa kinyume cha Katiba, ilisogea mbele zaidi, kwa kuwa inamtaka mgombea ataje fedha alizonazo na anazotarajia kwa ajili ya uchaguzi. Hata hivyo, taarifa inayoishia kwa afisa na kufungiwa kwenye jalada si taarifa kwa mpiga kura.

Wazee wetu walikuwa wakali kuliko sisi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikusubiri kiongozi ajaze fomu. Lilimkataza kabisa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi na kuwa na nyumba ya kupangisha, na likasema wazi kwamba masharti hayo yanamhusu pia mwenzi wake. Maamuzi ya Zanzibar ya mwaka 1991 yaliyalegeza masharti hayo, na mimi sidai turudi huko, kwa sababu nimeona watu waaminifu wakijijengea maisha kwa miti na chai bila kumdhulumu mtu. Lakini tulipofungua mlango wa kiongozi kuwa na mali, tulipaswa kufungua na dirisha la kumwona. Huo ndio upande ambao kazi haikukamilika.

Mchangiaji mmoja amesema kwamba hata Marekani mgombea halazimishwi kuonyesha kodi zake. Ni kweli kwamba sheria ya nchi nzima kule haimlazimishi kutoa ritani za kodi, yaani fomu za mapato na kodi yake ya kila mwaka, ingawa sheria ya maadili ya serikali ya mwaka 1978 inawataka wagombea urais kutoa taarifa ya mali, mapato na madeni. Desturi ya kuonyesha ritani ilijengwa na watu, na historia yake ina fundisho. Mwaka 1967 George Romney, gavana wa Michigan aliyekuwa akiutafuta urais, alitoa ritani za miaka 12 kwa mpigo, kwa hoja kwamba mwaka mmoja unaweza kupambwa ili uonekane vizuri. Mwanawe, Mitt Romney, alipogombea mwaka 2012 alitoa za miaka miwili tu, 2010 na 2011, na wananchi wakaona kwamba kwa mwaka 2010 alikuwa na mapato ya dola milioni 21.7 na alilipa kodi ya asilimia 13.9. Kiwango hicho kilikuwa halali, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato yake ilitokana na uwekezaji ambao kule hutozwa kidogo kuliko mishahara. Mwaka 2016 Donald Trump hakutoa kabisa, akashinda, na ritani zake zikatolewa na kamati ya Bunge mwishoni mwa mwaka 2022, miaka sita baada ya kura iliyozihitaji.

Anayelima miti atalielewa lile la miaka 12 kuliko mtu mwingine yeyote. Ukilitazama shamba la msindano kwa mwaka mmoja, huoni chochote isipokuwa gharama za kufyekea na kuweka barabara za moto. Miaka zaidi ya kumi baadaye linavunwa mara moja na mwenyewe anaonekana ameokota fedha njiani. Kwa hiyo tamko la mwaka mmoja linaweza kumfanya mkulima mwaminifu aonekane fisadi kwa sababu tu amevuna mwaka wa uchaguzi, na linaweza kumfanya aliyepewa milioni nyingi na mfadhili ajifunike na maneno "nimeuza miti". Ukiwa na mfululizo wa miaka mingi, utauona mche, utaiona palizi, utaziona na mbao.

Hata Richard Nixon wa Marekani alikamatwa na mfululizo. Mwaka 1973, akiwa rais, alitoa ritani zake ili kutuliza maneno, na ikaonekana kwamba kwa mwaka 1970 alilipa dola 792 tu kutoka kwenye mapato yaliyozidi dola 200,000. Baada ya uchunguzi akatakiwa kulipa zaidi ya dola 400,000 za nyongeza.

Ufaransa ndiyo iliyofanya jambo ninalotamani nilione hapa. Mwaka 2013 Waziri wa Bajeti, Jérôme Cahuzac, ambaye kazi yake ilikuwa kupambana na wakwepa kodi, alijiuzulu na kisha akakiri kuwa na akaunti ya siri nje ya nchi. Mwaka huohuo zikatungwa sheria mpya, na kuanzia uchaguzi wa 2017 matamko ya mali ya wagombea urais hutangazwa kwa umma angalau siku 15 kabla ya duru ya kwanza. Kwa wabunge walichukua njia ya kati, ambayo naiona ina busara: mpiga kura anaweza kwenda kwenye ofisi ya serikali ya eneo lake akalisoma tamko la mali, lakini haruhusiwi kulichapisha.

Sasa nirudi kwa wale wanaotetea siri, kwa sababu hoja yao siidharau. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tumelelewa kutohesabu mali kwa sauti. Baba yangu alikuwa hataji idadi ya ng'ombe wake hata kwa shemeji zake, na mwenye shamba kubwa husema "vimiti vichache". Kuna hofu ya wivu, kuna ndugu watakaopanga foleni mlangoni, na kuna wezi. Ninakubali yote hayo, na ndiyo maana nisingemtaka mgombea ataje namba ya akaunti wala kitongoji lilipo kila shamba. Lakini hakuna aliyelazimishwa kugombea. Mtu anayetaka niikabidhi mikononi mwake hazina ya nchi nzima, pamoja na saini inayoweza kutoa kitalu cha msitu au mkataba wa barabara, ameshatoka mwenyewe kwenye ua wake na kuja barazani. Siri ya mwananchi wa kawaida naitetea mpaka mwisho. Siri ya anayeomba kunitawala ina mpaka.

Hofu kwamba masikini watadharauliwa haikutimia kwetu. Baada ya kisa cha ofisi, mkutano mkuu ulipitisha kwamba kila anayegombea bodi asome mbele ya wanachama karatasi moja yenye mambo matatu: alicho nacho, anachodaiwa na nani, na ni mikopo ya nani ameidhamini. Mwaka wa kwanza walichukua fomu watano, na wawili wakazirudisha kabla ya mkutano bila kueleza sababu. Waliobaki walisoma. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alitaja madeni matano, moja baada ya jingine, pamoja na makato ya kila mwezi na mwezi ambao kila deni lingekwisha. Sauti yake ilitetemeka kwenye deni la tatu, la matibabu ya mama yake. Alipata kura nyingi kuliko wote.

Kwa uchaguzi mkuu sioni ugumu mkubwa. Fomu za uteuzi za wagombea tayari hubandikwa nje ya ofisi ya msimamizi wa uchaguzi ili mwenye pingamizi azione. Ibandikwe pale pale karatasi ya pili, yenye mali, mapato ya miaka kumi, kodi iliyolipwa, madeni na majina ya wanaomdai, na nakala ipelekwe kwenye mbao za matangazo za kila kata, ibaki hapo mpaka siku ya kupiga kura. Kwa mgombea urais itangazwe nchi nzima.

Mleta mada amemalizia kwa kuuliza: na akidanganya? Nitamjibu kwa lililotokea kwetu kwenye uchaguzi wa pili. Mgombea mmoja, mfanyabiashara wa nguzo, alisoma karatasi yake vizuri na kufika kwenye madeni akasema hadaiwi na mtu. Kamati ya usimamizi tulikuwa tumeipitia karatasi ile wiki nzima na kuipitisha, kwa kuwa hatukuwa na njia yoyote ya kujua. Ukumbi ulikaa kimya kidogo, kisha mama mmoja muuza mahindi, aliyekuwa ameketi safu ya tatu, akainua mkono, akasimama, na kumwomba kwa upole aisome tena ile sehemu ya madeni.