Kupe au kinga ya mwili? Mbwa aliyeishiwa damu ghafla

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mbwa wangu jike, chotara wa German Shepherd mwenye umri wa miaka sita na uzito wa kilo 28, aliugua ghafla mwezi uliopita. Jumatatu alikula vizuri na kubweka kama kawaida. Jumatano hakuweza kusimama, fizi zilikuwa nyeupe na mkojo ulikuwa wa kahawia iliyokolea. Daktari wa kwanza hapa Moshi alisema ni kupe, akamchoma sindano moja bila kupima damu. Siku tatu baadaye hali ilikuwa mbaya zaidi, nikampeleka Arusha. Huko walikuta wingi wa damu ni asilimia 14, hawakuona vijidudu kwenye slaidi, wakasema kinga ya mwili wake ndiyo inayoshambulia damu yake yenyewe. Aliongezewa damu ya mbwa wa jirani, akapewa antibiotiki ya doksisaiklini pamoja na prednisolone ya kutuliza kinga, vidonge kumi vya miligramu 5 kila siku. Sasa ni wiki ya tatu na damu imefika asilimia 27, lakini anakunywa maji bila kikomo, anakojoa ndani, anaiba chakula na misuli ya mapaja imekwisha. Mume wangu anasema dawa ndiyo inayomuua, tuiache. Kati ya madaktari wale wawili, nani alikuwa sahihi? Naweza kupunguza vidonge? Ugonjwa huu utarudi? Na kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa inakaribia. Nimpeleke au nisimpeleke?
Msomaji, Moshi

JIBU: Mama, pole sana kwa kuuguza. Naanza na swali la pili kwa sababu halisubiri: usiiache prednisolone, wala usipunguze hata nusu kidonge kabla hujazungumza na daktari aliyeiandika. Mbwa aliyetumia dozi kubwa ya dawa hii kwa wiki kadhaa ana hatari mbili anapoachishwa ghafla. Kwanza, kinga iliyokuwa imetulizwa huweza kuanza upya kuharibu damu, na safari hii kwa kasi kuliko mwanzo. Pili, tezi ndogo zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya kuuwezesha mwili kuhimili mshtuko, huwa zimelala kwa sababu mwili umekuwa ukiipata homoni ya aina hiyo kwenye kidonge. Dawa ikikatwa siku moja, tezi haziamki siku hiyohiyo, na mbwa anaweza kutapika, kulegea na kuzimia. Malalamiko ya mume wako ni ya kweli, na nitayarudia, lakini dawa inayomchosha ndiyo hiyohiyo inayomweka hai.

Sasa nije kwa madaktari wawili. Kwa maelezo uliyonipa, sioni ulazima wa kumchagua mmoja. Ugonjwa uliotajwa Arusha hutokea pale kingamwili, ambazo kazi yake ni kuwatia alama wavamizi, zinapojibandika kwenye chembe nyekundu za mbwa mwenyewe. Chembe zilizotiwa alama huliwa na seli za wengu na ini, na nyingine hupasuka ndani ya mishipa, ndipo rangi ya damu inapochujwa na figo na kutoka kwenye mkojo. Kwa mbwa mzima, chembe nyekundu huchukua takriban asilimia 37 hadi 55 ya damu yote. Kushuka hadi 14 katika siku chache ni dharura kubwa, kwa hiyo uamuzi wa kumwongezea damu haukuwa wa kupita kiasi.

Ugumu upo kwenye uthibitisho, maana hakuna kipimo kimoja kinachosema bila shaka kwamba huu ndio ugonjwa. Daktari hukusanya dalili hadi mizani ielemee upande mmoja. Chini ya hadubini hutafuta chembe nyekundu ndogo zilizoviringa kama mpira na kupoteza weupe wa katikati, alama kwamba kipande cha ngozi ya chembe kimeng'olewa na wengu. Kisha hufanya jaribio ambalo hata kliniki ndogo inaliweza: tone la damu huwekwa kwenye kioo, huongezwa matone kadhaa ya maji ya chumvi ya dripu, kioo kikatikiswa taratibu, na kama chembe zimeshikamana kwa kingamwili, damu hukatika vipandevipande kama maziwa yaliyoharibika hata baada ya kuongezwa maji. Chembe zilizorundikana tu kwa kawaida hutawanyika maji yanapozidi. Nikiona jaribio hilo limekubali, plazma, yaani maji ya damu, ni ya manjano na chembe zilizoviringa ni nyingi, naridhika kuanza tiba hata kama kipimo cha Coombs, kinachotafuta kingamwili kwenye chembe nyekundu, hakipatikani mahali nilipo. Omba karatasi ya majibu ya Arusha uone ni yapi kati ya haya yaliandikwa.

Dalili hizo, hata hivyo, zinaonyesha kinga imewaka, aliyeiwasha hazimtaji. Na hapa ndipo daktari wako wa kwanza anapopata haki yake. Katika nchi za kusini mwa Sahara tuna vijidudu vya Babesia vinavyoletwa na kupe, ndugu wa vile vinavyowafanya ng'ombe wakojoe damu, na inajulikana vizuri kwamba maambukizi hayo yanaweza kuichochea kinga ya mbwa ishambulie chembe nyekundu, zikiwemo zile ambazo hazina kijidudu ndani. Sindano huua vijidudu, lakini shambulio lililokwisha kuanza linaweza kuendelea lenyewe. Kumbuka pia kwamba slaidi ya Arusha ilisomwa siku tatu baada ya sindano, na kutoona kijidudu wakati huo hakuthibitishi kwamba hakikuwapo. Hata bila sindano, vijidudu vichache hukosekana kwa urahisi; ndiyo maana wengi wetu tunapendelea tone la damu kutoka kwenye ncha ya sikio, ambako chembe zilizoambukizwa hukwama kwenye vimishipa vyembamba. Kwa hiyo yawezekana kabisa kupe ndiye aliyeanzisha na kinga ndiyo iliyoendeleza. Ninachomlaumu daktari wa kwanza ni kuchoma sindano kabla ya kuchukua hata slaidi moja, kwa sababu ushahidi uliopotea siku ile haurudi. Kwa sababu hiyohiyo usikubali achomwe tena sindano ile kwa kubahatisha: kama ilikuwa diminazene, dawa ya kuua Babesia, kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru ubongo viko karibu mno.

Kuna wachochezi wengine ambao daktari wako anapaswa kuwaondoa mmoja mmoja, na wewe ndiye mwenye habari zao. Je, alikula mabaki ya pilau au mchuzi wenye vitunguu vingi? Kuna mtu alimpa paracetamol alipoonekana ana homa? Alimeza sarafu au kipande cha chuma chenye zinki? Hivi vyote huharibu chembe nyekundu kwa njia nyingine kabisa, na tiba yake si kukandamiza kinga. Kwa mbwa wa umri wake ni busara pia kupiga picha ya tumbo na kifua, kwa kuwa uvimbe wa saratani, hasa wa wengu, huweza kujificha nyuma ya upungufu wa damu.

Kuna swali moja hukuliuliza nami naona ni zito: mbwa wa jirani alipimwa kabla ya kutoa damu? Mbwa anayeonekana mzima anaweza kuwa amebeba Babesia au Ehrlichia, bakteria wanaoletwa na kupe, bila dalili, na damu yake ikawa mlango wa ugonjwa mpya kwa mgonjwa ambaye kinga yake imekandamizwa. Usiku wa dharura daktari huchukua damu inayopatikana, na huenda ningefanya vivyo hivyo. Lakini sasa kuna muda: mtoaji yule naye apimwe, na wako afanyiwe kipimo cha vinasaba vya vijidudu ikiwezekana. Daktari wako aulizie Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kama wanapokea sampuli za namna hiyo kwa wakati huu. Wakati huohuo doksisaiklini ikamilishe siku 28, hata kama mbwa anaonekana amepona, na umpe pamoja na chakula au maji ya kutosha kwa sababu kidonge kikikwama huunguza koo.

Kuhusu dozi: vidonge kumi kwa mbwa wa kilo 28 si kosa la hesabu. Kwa mbwa wakubwa prednisolone hukadiriwa kwa eneo la mwili kuliko kwa kilo, na miligramu 50 zimo ndani ya kiwango kinachokubalika. Utaratibu ambao madaktari wengi hufuata ni kungoja hadi wingi wa damu uzidi asilimia 30 na ukae hapo wiki mbili bila kuyumba, manjano yakiwa yamekwisha, ndipo dozi ipunguzwe kwa robo. Wako yuko 27, kwa hiyo bado hajafika. Akifika, vidonge kumi vitakuwa saba na nusu. Baada ya wiki tatu hivi, damu ikipimwa na kukutwa imara, vitapungua tena kwa robo, na kuendelea. Ndiyo maana tiba nzima huchukua miezi minne hadi minane. Kila hatua itanguliwe na kipimo cha damu, kwani mbwa aliyezoea upungufu hutikisa mkia na kula vizuri huku damu ikishuka, na mwenye mbwa hudanganyika.

Kiu, mkojo, njaa, kuhema na kuisha kwa misuli ni matokeo ya prednisolone yenyewe. Maji usimnyime kamwe, kwa sababu mkojo utaendelea kutoka hata ukimnyima, naye ataishiwa maji mwilini. Mtoe nje mara nyingi zaidi, ikiwemo usiku kabla ya kulala, na chakula kipime badala ya kufuata njaa yake. Kama madhara hayavumiliki, muulize daktari juu ya kuongeza dawa ya pili ya kukandamiza kinga kama azathioprine, ambayo hupatikana kwenye maduka ya dawa za binadamu na huwezesha prednisolone kushuka mapema. Haifanyi kazi mara moja, huchukua wiki kadhaa, inadai kupima ini na chembe nyeupe mara kwa mara, na anayeishika avae glavu. Mjamzito asiishike kabisa. Jambo moja lisifanyike kwa hali yoyote: kumpa diclofenac, ibuprofen au dawa nyingine ya maumivu ya jamii hiyo akiwa kwenye prednisolone, kwani zikikutana huweza kutoboa tumbo.

Je, utarudi? Ugonjwa huu ni mkali, na ripoti zilizochapishwa hutofautiana sana, nyingi zikitaja vifo vya kati ya theluthi moja na zaidi ya nusu ya wagonjwa, lakini vifo vingi hutokea katika wiki mbili za mwanzo, ambazo wako amekwisha kuzivuka. Wanaovuka kipindi hicho kwa kawaida hupona, ingawa wapo wanaorudiwa, hasa dozi inapopunguzwa haraka. Kinachoua zaidi mara nyingi si uhaba wa damu bali mabonge ya damu yanayoziba mishipa ya mapafu, na kwa ajili hiyo wagonjwa hawa hupewa clopidogrel au heparini tangu mwanzo, isipokuwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chache mno. Katika orodha yako sijaiona dawa ya kuzuia mabonge. Iulizie wiki hii, usingoje miadi.

Nyumbani weka daftari. Kila asubuhi inua mdomo wa juu penye mwanga wa jua, uandike rangi ya ufizi. Pangusa mkojo kwa karatasi nyeupe uone kama kahawia imerudi. Akilala usingizi, hesabu pumzi kwa dakika moja, na zikizidi 30 kwa mara kadhaa mpigie daktari. Akianza kuhema kwa shida ghafla, akilegea upande mmoja wa mwili, au fizi zikirudi kuwa nyeupe au manjano, mpeleke saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Kupe nao wasiachwe: yule wa kahawia anayependa mbwa huishi kwenye nyufa za banda na kuta, kwa hiyo kumtoa mbwa kupe bila kutibu banda ni kazi bure. Vidonge vya kisasa vya kuzuia kupe vinamfaa zaidi kuliko dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyopimwa kwa jicho.

Limebaki suala la chanjo. Ushahidi kwamba chanjo huamsha ugonjwa huu ni dhaifu na unagongana, lakini kwa dozi aliyo nayo sasa kuna sababu nyingine ya kungoja, nayo ni kwamba mwili uliokandamizwa hauwezi kutegemewa kujenga kinga nzuri. Mimi ningeahirisha hadi damu iwe imara na prednisolone iwe imeshuka sana au imekwisha, kisha nichanje dhidi ya kichaa cha mbwa peke yake, bila kuchanganya na chanjo nyingine siku hiyo, na nipime damu wiki mbili zinazofuata. Tazama kadi yake: kama alichanjwa mwaka jana, wasiwasi ni mdogo. Kama hajawahi kuchanjwa, zungumza na daktari mapema, kwa sababu kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini kwetu na kuahirisha bila tarehe hakukubaliki. Hadi wakati huo abaki ndani ya uzio, mbwa wengine wa nyumbani wachanjwe kwenye kampeni hii, na daktari akuandikie barua ya kuwaonyesha wachanjaji watakapouliza kwa nini huyu mmoja hakuletwa.