Barua kwa mwanangu: baba yako hatasema, kwa hiyo muulize hivi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniandikia: "Mama, kila nikimpigia baba ananijibu 'nzuri tu'. Nikimuuliza anahitaji nini, hakuna. Nikija Desemba nimsaidie vipi mtu asiyetaka kitu?"

Anataka, ila hataomba. "Unaendeleaje" ni salamu, na mzee wa Kibosho ataijibu kama salamu. Muulize mambo yanayohesabika. Usiku umeamka mara ngapi? Choo kikubwa umepata lini? Maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi ukiwa umekaa, na ni ngapi ukisimama? Hilo la kusimama usiliruke. Saratani ya tezi dume, kama hii ya baba yako, ikishatoka kwenye tezi huenda zaidi mifupani, hasa uti wa mgongo, nyonga na mapaja. Mtu anaweza kukaa kitini ametulia kabisa, kunyanyuka akashindwa. Ndiyo maana usimpandishe bodaboda hata kwa safari ya kufika barabara kuu. Mfupa ulioliwa na saratani unaweza kuvunjika kwa shimo moja tu la njiani. Kodi gari.

Sasa morfini ya maji, dawa yake kali ya maumivu, maana hapo ndipo nitakuhitaji zaidi. Anakunywa kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni. Ile ya saa 4 usiku ni mara mbili, kama alivyoandikiwa, ili alale mpaka kupambazuke. Usingoje aseme inauma. Maumivu yakishapanda, dozi iliyokuwa inayazuia haitoshi kuyashusha. Yakimbana katikati ya saa hizo, ipo dozi ya nyongeza iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Mpe, halafu andika saa kwenye daftari. Nyongeza zikizidi mbili tatu kwa siku, mpigie muuguzi wa tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso) pale hospitali ya KCMC aangalie upya dozi ya kawaida. Usiipandishe wewe.

Kupima usitumie kijiko cha chai, vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Mimina dawa kidogo kwenye kikombe safi, vuta polepole, geuza ncha iangalie juu, gonga kwa kidole mpaka kipovu kipande, kisukume kitoke, ndipo usome mstari ukiwa umeliinua usawa wa jicho. Ikija chupa mpya, soma kwanza kila mililita ina miligramu ngapi. Chupa mbili za rangi moja zinaweza kuwa na nguvu tofauti.

Morfini hufunga choo, karibu siku zote. Mapapai na maji vinasaidia lakini peke yake havitoshi, kwa hiyo ile bisakodili ya usiku, dawa ya kufungua choo, haikosi hata kama jana choo kilikuwa kizuri. Siku 3 bila choo, tunapiga simu.

Baba zako wadogo watakuambia morfini ni dawa ya kumuaga mtu, au atageuka teja. Wajibu kwa adabu kwamba dawa inayotolewa kwa kipimo, kwa ajili ya maumivu, haimgeuzi mgonjwa teja wala haimharakishi kufa. Ila mbege wasimpe. Najua ni Desemba, na kumnyima mzee kata ya pombe mbele ya wageni ni jambo zito, lakini pombe juu ya morfini huzidisha usingizi na kudhoofisha pumzi. Kaa karibu naye, kata ikifika ipokee wewe.

Kitu kingine cha kuwakatalia ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa. Saratani hii inaweza kuziba njia ya mkojo na kuziumiza figo, na dawa za aina hiyo huziongezea mzigo. Figo zikilegea, morfini hujikusanya mwilini. Utamwona analala mchana kutwa, misuli inashtuka-shtuka, anaongea na watu wasiokuwepo. Ukiona hivyo, simamisha dozi inayofuata mpaka uongee na muuguzi.

Mpira wa mkojo: nawa mikono kabla na baada, osha pale unapoingilia mwilini kwa maji na sabuni kila siku, ukifuta kwenda mbali na mwili. Mfuko ukae chini ya kibofu muda wote, hata akiwa kitandani, lakini usiguse sakafu. Umwage ukifika theluthi mbili, usiuache ujae ukavuta. Mkojo ukikoma kutiririka, angalia kwanza kama ameulalia mpira au umejikunja. Kama haujajikunja na tumbo chini linauma au limevimba, nendeni hospitali saa hiyohiyo. Usiuvute. Ndani kuna puto lenye maji, nalo litamchana.

Jambo lisilongoja asubuhi ni hili: maumivu mapya ya mgongo, miguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi, ganzi sehemu anazokalia, kushindwa kuzuia choo. Ni uti wa mgongo unabanwa. Miguu ikishapooza ni vigumu kurudi, kwa hiyo twende usiku uleule, hata kama yeye mwenyewe anasema tusubiri kukuche. Homa na kutetemeka akiwa na mpira, vilevile.

Utamwona anavua sweta ghafla, jasho linamtoka, halafu anasikia baridi. Ni ile sindano ya kila baada ya siku 28 inayozima homoni ya kiume. Mwekee mablanketi mawili mepesi badala ya moja zito. Sindano hiyo pia humaliza hamu ya ndoa na kumshusha moyo, na hayo si ya kuongelewa kwenye kikao cha ukoo. Chakula usimlazimishe. Mtori kikombe kidogo mara tano unamwingia vizuri kuliko sahani moja iliyojaa.

Shangazi yako anataka akakae kwake Arusha mwezi wa kwanza. Hospitali ya Selian ya huko wana tiba shufaa, lakini asiondoke bila barua ya daktari na morfini ya kutosha.

Na wewe, kwa kuwa ni baba yako mzazi, ukifika miaka 45 zungumza na daktari kuhusu PSA, kipimo cha damu cha tezi dume.

Njoo na shuka la plastiki la kutandika chini ya shuka la kawaida, na chuma cha kushikilia chooni pamoja na skrubu zake. Zamu yako inaanza saa 12 asubuhi. Chupa iko kabatini, rafu ya juu, na bomba nimelifunika kwenye kikombe cha bati.

Mama yako