Desibeli za majini na za hewani hazilinganishwi kienyeji

Mkuu, umeuliza kama meli yenye desibeli (dB) 180 baharini ina kelele kuliko ndege yenye dB 140 inapopaa. Namba hizo hazina mizani moja.

Desibeli ni uwiano: 20 × log10 ya presha uliyopima kugawa kwa presha ya rejea. Hewani rejea ni maikropaskali 20, majini ni 1. Hapo tayari kuna pengo la dB 26. Halafu maji ni mazito na magumu kubanwa, hivyo kwa nguvu ileile kwa kila mita ya mraba presha yake hupanda sana. Ongeza kama dB 36. Jumla ni takriban 62 za kutoa kwenye namba ya majini. (Hiyo ni hesabu ya wimbi tu. Haisemi nyangumi anasikiaje.)

Kuna mtego wa pili. Hiyo 180 ya meli kwa kawaida ni kiwango cha chanzo, yaani hupimwa mbali kisha hurudishwa kwa hesabu hadi mita 1. Ya ndege ni pale aliposimama msikilizaji. Sauti ikitawanyika kama tufe, hupungua kwa 20 × log10 ya umbali: kwenye mita 100 meli inabaki na 140, ukitoa 62 unapata 78. Kwenye maji ya kina kifupi usiitegemee kanuni hiyo, maana sakafu na uso wa bahari huizuia sauti isitawanyike.

Ukipima mwenyewe: haidrofoni (maikrofoni ya majini) yenye unyeti wa dB −170 kwa rejea ya V 1 kwa maikropaskali, kikuza sauti cha dB 20, volti za rms (mzizi wa wastani wa mraba) 0.01, yaani dB −40. Basi −40 + 170 − 20 = 110. Wengi husahau kutoa ile 20.

Andika pia kama ni rms au kilele. Kwa wimbi laini la sini kilele huzidi rms kwa dB 3, na kilele hadi kilele kwa dB 9. Kwa mlio mfupi kama wa nyundo ya kupigilia nguzo, rms bila muda wa wastani haina maana kabisa: mlio wa sekunde 0.1 ukiupigia wastani wa sekunde 1 unashuka dB 10. Huko tumia jumla ya nishati, rejea maikropaskali² 1 mara sekunde 1. Taja na bendi ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde), kwa sababu kebo inayotetemeka kwenye mkondo hujaza masafa ya chini kelele isiyo ya bahari.