Wadi ya jirani imejengewa jukwaa, sisi hata magoli hatuna. Nani anaamua?

SWALI: Sisi ni timu ya mtaani, kaunti ya Kilifi. Kila mwaka tunahudhuria mkutano wa bajeti na kuomba uwanja wetu usawazishwe. Tunaandikwa majina, basi. Tumwandikie Waziri wa Michezo? – Msomaji, Malindi

JIBU: Ndugu yangu, waziri mwacheni. Kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, viwanja vya mashinani ni kazi ya kaunti. Sports Kenya, iliyoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013, inasimamia viwanja vya taifa kama Kasarani na Nyayo.

Shida yenu, nadhani, ni kalenda. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakataza kutenga pesa za umma nje ya mpango. Kwa hiyo swali la kwanza la afisa wa mipango si uwanja ni mbovu kiasi gani, bali je, umo kwenye CIDP ya 2023–2027, yaani mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano? La pili: umo kwenye mpango wa mwaka, ule ADP? Huo sharti ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla mwaka wa fedha haujaanza. Februari kila idara huwekewa kikomo chake cha matumizi. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia 30 Aprili, na mkutano mnaoujua nyinyi mara nyingi huitishwa hapo. Kuingiza uwanja mpya wakati huo ni kumnyang'anya mwingine, na sijaona mwakilishi wadi anayekubali cha wadi yake kikatwe.

Halafu kuna ardhi. Hapa Pwani ndipo maombi mengi hufia: vijana wamecheza miaka na miaka kwenye kiwanja ambacho hati yake iko kwa mtu asiyeonekana. Kaunti ikijenga hapo, wakaguzi wa hesabu watauliza. Kama uwanja ni wa shule, pateni barua ya makubaliano mapema.

Siasa nayo imo, sikufichi. Jukwaa hupendeza kwenye picha za uzinduzi kuliko mchanga uliosawazishwa, hata kama wachezaji wanauhitaji huo zaidi. Lakini ombi dogo la awamu hupita kwa urahisi: mwaka huu kusawazisha na magoli, mwakani uzio. Andikeni pia timu ya wasichana na shule zitakazoutumia, na nani atautunza.

Pelekeni ombi hilo kwa maandishi mwezi Julai, nakala moja kwa msimamizi wa wadi, nyingine idara ya mipango, na mbaki na yenu iliyogongwa muhuri. Kama uwanja haumo kwenye CIDP, ombeni irekebishwe. Kifungu cha 112 cha Sheria hiyo ya Serikali za Kaunti kinaruhusu, bunge la kaunti likipitisha. La sivyo, mtasubiri CIDP mpya itakayoandaliwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2027.