Jenereta ya haidrojeni stoo? Hapana, iweke nje

Ndugu yangu, nimekuelewa: umeuziwa wazo la jenereta ya seli za haidrojeni, yaani inayogeuza gesi ya haidrojeni kuwa umeme, umeambiwa haitoi moshi bali maji tu, sasa unataka kuiweka stoo ya duka lako Kariakoo, mitungi ya gesi hiyo pembeni. La moshi ni kweli. Hatari iko kwenye gesi yenyewe.

Haidrojeni haina rangi wala harufu, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kuwaka. Cheche ya swichi inatosha. Mchana mwali wake ni shida kuuona. Gesi ya kupikia hutambaa sakafuni, hii hupanda na kujikusanya chini ya dari. Kwa hiyo matundu ya hewa ya chini hayakusaidii. Iweke nje, penye kivuli na hewa, mitungi isimame wima imefungwa mnyororo. Maungio ya mabomba yapime kama yanavuja kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. (Muuzaji hana haraka ya kukuambia haya.)

Kabla ya kulipa, dai cheti cha IEC 62282-5-100, kiwango cha kimataifa cha usalama cha mitambo ya kubebeka ya aina hiyo. Maneno matupu usikubali. Na mitungi usiipakie kwenye bajaji.

Mabomba mwachie fundi wa gesi za viwandani, na Zimamoto waje wakague mahali. Ikivuja, funga valvu kama unaifikia salama, usiguse swichi yoyote, watoe watu nje, kisha piga 114.